Mshubiri wa Juu ya Mlango

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimechuchumaa upenuni mwa nyumba ya ukweni kule Makote, vidole vimejaa udongo wa kichuguu, naziba nyufa za vigae vya mama mkwe wangu huku naimba. Naimba, wewe. Mtu anafanya kosa kubwa kuliko yote ya ujana wake na roho yake imetulia kama ya aliyetoka kusali. Tangu hapo nikimwona kijana anafanya jambo kwa furaha iliyozidi, husogea kidogo nikatazame ni jambo gani.

Jana nilisogea nikakutazama wewe. Umepanga mimea yako barazani, mshubiri kwenye kopo la samli, mkonge-mwitu kwenye debe lililokatwa nusu, na ile midogo yenye majani manene umeigawia vikombe vilivyovunjika masikio. Unainywesha asubuhi, unainywesha jioni, unataka inenepe kabla ya safari, maana keshokutwa unahamia kwa mumeo Mkomaindo na hutaki kuingia nyumba mpya na mimea iliyokonda. Sikukukataza. Neno lilifika kwenye meno nikalimeza, kwa sababu mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wako makatazo yaliingia sikio hili yakatokea lile. Basi kaa hapa, weka hilo kopo la maji chini, nikuhadithie.

Unajua kwamba mimi ni mtu wa Masasi, wa chini kwenye majabali, na kwetu ni Wayao. Kwa desturi yetu mume ndiye anayehamia kwa mkewe, akajenga, akalima shamba la ukweni mpaka wakweze wamjue. Lakini mwaka nilioolewa mimi haukuwa mwaka wa desturi. Mjerumani alikuwa amekwisha kukaa nchini, watu wanalimishwa pamba, kitu kisicholiwa, na kutoka pande za Liwale zilikuwa zinakuja habari kwamba watu wamechoka na wameshika mikuki. Baba yangu alisema vita ikija itapita Masasi kwa kuwa njia zote zinapita Masasi. Heri binti akae juu kwa Wamakonde, alisema, kwenye vile vichaka ambavyo hata mbwa huingia asijue pa kutokea. Nikapanda mlima siku mbili mpaka Makote, mkeka kichwani, nimemfuata mume wangu.

Jambo la kwanza nililojifunza kule juu ni kwamba maji hayapo. Siyo kwamba ni machache, hayapo. Mvua inanyesha, mchanga unainywa yote, na kesho yake ukikanyaga unakanyaga pakavu. Maji yako bondeni, na bonde liko mbali chini. Wanawake tulikuwa tunatoka jogoo la kwanza na mitungi, tunateremka kwa kushikilia mizizi, na kurudi ni jua kali, shingo imeingia kifuani. Mtungi mmoja ulikuwa wa nyumba nzima kwa siku nzima. Uso tulinawa kwa maji yanayoenea kwenye kiganja, na maji yaliyooshea muhogo yalikuwa ya kuku. Wifi zangu walinicheka sana siku za mwanzo. Wao maji wanayaita medi, sisi Wayao mesi, na nilipoomba mesi wakasema huyu hata jina la maji halijui, sembuse njia yake.

Mama mkwe wangu yeye hakucheka. Wala hakusema. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye ndonya ya mti iliyochomekwa kwenye mdomo wa juu, na watu walimwita Mama Somoe kwa jina la bintiye mkubwa. Sasa nikueleze heshima ya wakati ule, maana ninyi wa leo mnaketi na wakwe zenu mkimenya karanga pamoja. Mwali mpya hakumtazama mama mkwe usoni. Hakuanza maneno. Hakuuliza neno lolote. Akiwa na shida alimwambia wifi, wifi ndiye apeleke. Hivyo mpaka azae mtoto wa kwanza, ndipo ulimi unafunguliwa. Kila asubuhi nilipiga magoti, "Shikamoo, mama," naye akajibu, "Marahaba," na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya siku. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nikakaa nausubiri huo mshindo mwezi wa kwanza, mwezi wa pili. Moyoni nilijiambia mama huyu hanipendi. Nililia kwa ajili hiyo zaidi ya mara moja, nikiwa bondeni, mahali ambapo uso uliolowa hauulizwi.

Sasa vigae. Upenuni mwa ile nyumba, upande unaopata jua la asubuhi, Mama Somoe alikuwa na safu ya vyungu vilivyovunjika, nusu nusu, vyenye nyufa, na ndani yake mchanga uliochanganywa na majivu. Humo alipanda mimea isiyodai kitu. Mishubiri ndiyo ilikuwa mingi, mikubwa, yenye meno pembeni. Ulikuwapo mkonge-mwitu wenye majani yaliyosimama kama panga, madoadoa kama ya nyoka. Ukipasha jani kwenye moto na kulikamua, maji yake yalikuwa dawa ya sikio. Ulikuwapo pia mmea mmoja mnono ambao jani lake likianguka chini linaota lenyewe. Jina lake la Kimakonde limenitoka, uzee huu. Mishubiri ile haikuwa ya porini kule. Mama yake Mama Somoe ndiye aliyeleta chipukizi zake kutoka Lindi, amezifunga kwenye kanga, na safari nzima hazikuonja maji. Mtu akiungua na uji, akichanjwa na mti, akisumbuliwa na tumbo, alikuja pale upenuni. Wala hakuna jirani aliyejisumbua kupanda wake. Kwa nini upande, na Mama Somoe yupo?

Na ndani, juu ya mlango, kulikuwa na kitu. Kimefungwa kwa kamba ya mkonge, kinaning'inia kichwa chini miguu juu, kimesinyaa, kimekuwa cheusi kwa moshi wa miaka. Nilidhani ni hirizi. Kila nilipopita chini yake niliinama kidogo, na sikuuliza, kwa kuwa ningemuuliza nani?

Vita haikupanda kule juu kama baba alivyokisia, lakini mkono wake ulipanda. Siku moja walifika askari wakiwa na mzungu wao, wakachukua vijana wa Makote wakawabebeshe mizigo kwenda nayo Masasi na huko mbele. Mume wangu, Baba Zuhura, alikuwa mmojawao. Namwita Baba Zuhura ingawa Zuhura wakati huo hakuwapo duniani. Jina lake lenyewe sikuruhusiwa kulitaja mbele ya watu, na mpaka leo, miaka yote hii baada ya kumzika, ulimi unakataa. Alinitazama mara moja kutoka kwenye ule mstari akiwa na sanduku begani, kisha akatazama njia.

Haukupita muda, ikaja habari kwamba Somoe anakaribia kujifungua upande wa Kitangari, na mama yake anatakiwa. Wifi zangu wengine wakaondoka pamoja naye. Asubuhi ya kuondoka, Mama Somoe alisimama mlangoni amejifunga tayari, akauambia mwimo wa mlango, siyo mimi, "Nyumba hiyo. Na vigae hivyo." Halafu akaenda.

Na vigae hivyo. Vifanywe nini? Nilitaka kumkimbilia nimuulize, adabu ikanishika. Nikasimama pale mpaka mgongo wake ukapotea kwenye mihogo.

Mwanangu, wewe umeolewa kwa mtu unayeweza kumwandikia barua. Mimi sikujua mume wangu yuko wapi, anabeba nini, anapigwa na nani. Nilikuwa na umri wa msichana anayestahili bado kugombana na mama yake juu ya ufagio. Basi nikaitazama ile mimea, nikajiwekea nadhiri. Nikasema: hii ndiyo niliyoachiwa. Nikiitunza ikawa mibichi na minene, atarudi. Ikikauka, harudi. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, na jambo ulilojiambia mwenyewe kwa hofu huwa zito kuliko sheria ya mfalme.

Mimi mtu wa Masasi, mtu wa visima, nilijua kutunza ni kunywesha. Nikaanza kuitilia maji, kwanza ya kiganja, kisha ya kata nzima. Nilijinyima. Niliacha kunawa miguu, muhogo nikauchoma ili nisiutokose, koo langu likawa kavu lakini vigae vimelowa. Halafu nikaona jambo lililoniumiza roho: maji niliyoyabeba kwa shingo yangu kutoka bondeni yanachuruzika chini, yanatokea kwenye nyufa za vile vigae na kupotelea mchangani. Nikawaonea huruma wale watu. Nikasema maskini, hawana hata chungu kizima cha kupandia. Ndipo nikaenda kuleta udongo wa kichuguu, nikaukanda vizuri, nikaziba kila ufa na kila tundu, naimba. Nilifurahi mwenyewe kwa akili niliyoitumia. Nchi isiyo na maji, mimi nimepata njia ya kuyazuia yasipotee hata tone.

Baada ya siku kadhaa mishubiri ikaanza kugeuka rangi. Majani ya chini yakawa ya manjano, yakalegea. Nikasema kiu hiyo. Nikaongeza. Nikawa nashuka bondeni mara mbili, asubuhi kwa ajili ya mtungi wa nyumba na tena jua likiegemea, kwa ajili ya mimea. Bibi mmoja jirani aliniona napita akanisifu, "Mwali huyu hodari," akaenda zake. Na baada ya hapo na yeye na wengine wakahamia vichakani kwa kuogopa askari wasirudi tena. Nikabaki na kuku.

Wakati huohuo alipita mtu mmoja mgeni akiwa na kibuyu kidogo, akasema ana maji ya dawa, anayeyanywa risasi haimdhuru. Nilimpa muhogo, hakukaa. Sitaki kuwacheka waliokunywa, na wewe usiwacheke. Walikuwa na uchungu wa kweli na walitaka kuishi. Mimi niliyekuwa namwagia maji vigae nikiamini ndiyo yatakayomrudisha mume wangu, nina mdomo gani wa kumcheka mtu?

Mama Somoe alirudi mchana mmoja, peke yake, ana vumbi mpaka kwenye kope. Somoe amejifungua salama. Nikapiga magoti, "Shikamoo, mama." "Marahaba." Kisha akageuka upenuni, na mimi nikiwa bado chini nikaona anasimama.

Alikwenda kigae kwa kigae. Alishika mshubiri wa kwanza, ukamfuata mkononi bila mzizi. Wa pili hivyohivyo. Mkonge-mwitu alioujua tangu utoto wake uliinama ukavunjikia chini, na harufu yake sitaki kuikumbuka. Akainua kigae kimoja, akapitisha kidole kwa chini, akaukuta udongo wangu wa kichuguu. Akaubandua kwa ukucha. Yakatoka maji meusi, yakamwagikia miguuni pake. Akakirudisha kigae mahali pake taratibu, akaingia ndani, akaketi.  Nilitamani anipige, angalau ningejua pa kujishikia.

Siku tatu tukaishi hivyo. Siku ya nne, jua la saa nne, vijana wawili wa Makote wakaingia uani wamemshika Baba Zuhura kwapani, kila mmoja upande wake.

Sanduku lilikuwa limemla bega. Kamba na pembe za ubao, siku baada ya siku, jua juu yake, na hakuna ruhusa ya kubadili upande. Ngozi ilikwisha kutoka, nyama imevimba, nzi wameweka mambo yao, na mwili wote unawaka homa. Wenzake walisema wamemwona mtu mwingine wa safari yao mwenye bega kama lile, na hakufika siku ya tano. Walisema kwa sauti ndogo, lakini mimi nilisikia na mama yake alisikia.

Mama Somoe akaliosha lile bega kwa maji ya vuguvugu, mtungi mzima, hakupima. Alipomaliza akainuka, na miguu yake yenyewe, kwa mazoea ya miaka, ikampeleka upenuni. Akafika kwenye vigae vitupu. Akasimama pale, mkono umeshika kisu. Mwanangu, katika maisha yangu nimezika watoto wawili na mume, lakini aibu niliyoipata kwa mgongo ule uliosimama mbele ya vigae vitupu sijaipata tena. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja kinyume. Wangu alikuja akanikalia mapajani.

Akarudi ndani. Akatazama juu ya mlango. Halafu kwa mara ya kwanza tangu nilipofika kwake alinitazama usoni na kuniita jina langu.

"Mwanaidi. Panda uulete ule."

Nikapanda juu ya kinu. Nilipokifungua kile kitu kutoka kwenye kamba ndipo nikaona siyo hirizi. Ulikuwa mshubiri. Umesinyaa, mweusi kwa moshi, mizizi yake imekauka kama nywele za mzee, haujapata tone la maji wala chembe ya udongo tangu kabla sijaingia nyumba ile. Mara mbili nilikuwa nimefikiria kuukokea moto, hofu ya hirizi ikanizuia. Mama Somoe alikata jani moja kwenye shina, akalipasua kwa urefu, na ndani ya ganda lile baya kulikuwa na ute. Mchache, lakini safi, unang'aa. Akaupaka begani kwa mwanawe, na kipande kingine cha jani akakilaza juu ya kidonda akakifunga kwa kitambaa.

Tulitumia jani moja kwa siku. Asubuhi tunaosha, tunapaka, tunafunga. Siku za kwanza sikuona tofauti, nikawa nahesabu majani yaliyobaki na kuhesabu pumzi zake. Kisha homa ikashuka mchana mmoja akaomba uji. Akaomba wa pili. Pembeni ya kidonda ikatokea ngozi mpya, nyekundu, nyembamba kama ganda la kitunguu, nami nikalia waziwazi, nimesahau adabu yote. Siwezi kukuambia ni jani tu lililomponya. Kulikuwa na maji yale, uji ule, na Mungu. Lakini kovu lake umeliona mwenyewe ulipokuwa mdogo, ulikuwa ukimuuliza, babu, hii ni nini.

Majani yalipobaki mawili na moyo wake katikati, Mama Somoe alisema basi. Akaniita upenuni. Alichukua kigae kimoja, akabandua udongo wangu wote mpaka ufa ukaonekana, akajaza mchanga na majivu, akaupachika ule mshubiri juu yake mkavukavu. Nikainuka upesi kwenda kuleta kata. Mkono wake ukanishika kanga.

"Kaa. Nani alikwambia una kiu?"

"Hakuna, mama."

"Uliuuliza?"

Nilidhani ananidhihaki.

"Mmea huulizwa," akasema. "Bonyeza jani. Likiwa gumu, limeshiba, liache. Likilegea na mchanga ni mkavu, lina kiu. Likilegea na mchanga umelowa, umelizamisha. Hicho ndicho kinywa chake. Na ule ufa si umaskini, mwanangu, ni mahali pake pa kupumulia." Kisha akakung'uta majivu mikononi, nikadhani amemaliza. "Na mimi kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona haya, mama. Mwali haulizi."

Akatazama vile vigae vitupu. "Ni kweli," akasema. "Mwali haulizi. Na mama mkwe hasemi. Mimi niliondoka hapa nikijua wewe ni mtu wa bondeni, hujaijua mimea hii, na nikaona haya kukufundisha kabla hujazaa. Adabu yetu imeila mishubiri yote, ikabaki kidogo imle mwanangu. Kosa hili si lako peke yako, tuligawane. Kuanzia leo uliza. Ukiona haya, uliza ukiwa umegeuka ukutani, lakini uliza."

Hivyo ndivyo ulimi wangu ulivyofunguliwa, kabla ya mtoto, jambo ambalo wifi zangu waliporudi lilikuwa maneno ya mwezi mzima. Nami nikaanza kuuliza. Nilimuuliza kwa nini unga wake hauingii wadudu. Nilimuuliza ndonya iliuma namna gani. Siku moja, nimegeuka ukutani kweli, nikamuuliza kwa nini miezi ile ya mwanzo alikuwa hanipendi. Akashangaa. Alisema alipokuwa mwali, mama mkwe wake alimfuatafuata jikoni mpaka kwenye kuni, kila siku neno, kila saa neno, akakonda. Akaapa mkwe wake yeye atamwacha ashike mizizi kwa nafasi yake. Tazama basi. Miezi yote niliyolia bondeni, mwenzangu alikuwa ananipenda kwa njia anayoijua yeye, na mimi nikinywesha vigae vyake kwa njia ninayoijua mimi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Ule mshubiri ulikaa kigaeni mwezi mzima bila kuonyesha dalili. Sikuutilia maji. Mwanangu, sijafanya kazi ngumu kuliko ile ya kutoutilia maji. Ndipo asubuhi moja nikakuta pembeni ya shina pametokeza kincha cha kijani, kikubwa kama jino la mtoto. Nilimwita mama mkwe, tukachuchumaa wawili tunakitazama kama watu wanaotazama mchezo. Baada ya masika Zuhura akazaliwa, na alipofika wakati wa kumwachisha ziwa, nilijipaka shubiri ya mmea ule kwenye chuchu. Alionja mara moja akanitazama kama aliyesalitiwa. Na chipukizi zake nilizigawa Makote nyumba kwa nyumba, kwa lazima, mtu asipotaka namwachia mlangoni, ili siku nyingine dawa ya kijiji kizima isiwe kwenye mikono ya mwali mmoja mjinga.

Sasa nasaha yangu ni hii, na nitaisema wazi kwa sababu nimezeeka na sina muda wa mafumbo. Hayo makopo yako, yatoboe chini kwa msumari, matundu matatu au manne. Changanya udongo na mchanga. Chipukizi ukilikata, lilaze kivulini siku kadhaa kidonda chake kikauke kabla hujalipanda. Liweke mahali linapopata mwanga, dirishani au mlangoni, na maji usiyatie mpaka uingize kidole mchangani ukute ni pakavu hadi pingili ya pili. Ukisahau wiki mbili, usiwe na wasiwasi. Ukikumbuka kila siku, hapo uwe na wasiwasi.

Na huko unakokwenda, utakuta watu. Utakuta mume, utakuta mama yake, na Mungu akijalia watoto. Utawapenda, nakujua una moyo wa maji mengi kama mimi. Usimmwagie mtu upendo unaoutaka wewe ukadhani umempa anaoutaka yeye. Mshike jani kwanza. Kuna anayetaka maneno na kuna anayetaka aachwe kidogo apumue. Akinyamaza usijitungie sababu. Kuuliza si ujinga, na haya ya dakika moja si kitu mbele ya mwaka wa kutoelewana. Na ukiona kitu nyumbani kina ufa, usiuzibe kabla hujajua uliwekwa wa nini. Na siku ukiwa mkubwa wewe, mwali wako akikosea, tafuta sehemu yako kwenye kosa lile na uichukue. Mimi nilisamehewa hivyo, na ndiyo sababu nimeweza kuzeeka bila uchungu moyoni.

Lete lile kopo la samli. Yatoe maji. Huu mshubiri wako umelegea lakini moyo wake bado mgumu, utapona. Na hiki hapa, nilichokifunga kwenye kipande cha kanga, ni chipukizi la mjukuu wa ule wa juu ya mlango. Kichukue hivyohivyo kikavu, kitafika Mkomaindo salama, ndugu zake walitoka Lindi kwa namna hiyohiyo. Mwenyezi Mungu akupe nyumba yenye mwanga, mwanangu, na mkono unaojua kusubiri. Akupe mtu wa kumuuliza, na siku moja akufanye mtu wa kuulizwa. Nami kwa kuwa nilifundishwa, naanza leo: hujalia tangu juzi na hujacheka, nikwambie neno jingine, au nikuache upumue?